Vichwa Ishirini na Saba

Nilikuwa na njia yangu ya kufundisha watoto wadogo kuhesabu, na nilikuwa naringa nayo. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani mimi ni mtu mpole aliyepatwa na balaa kwa bahati mbaya. Sikuwa mpole. Nilikuwa mwalimu wa maternele, yaani chekechea, kwa mwaka wa kumi na moja, nina sauti ya kusikika barabarani, na katika mtaa wetu wote wa Mutakura nilijiona hakuna anayeniweza kwa kumfikisha mtoto wa miaka mitano kwenye ishirini bila kujikwaa.

Shule yetu ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya karakana ya seremala. Vifaa hatukuwa navyo. Mwanzoni nilitumia maharagwe kama walimu wengine, hadi mtoto mmoja alipoingiza harage puani, likakaa humo siku mbili, likaanza kuvimba. Baba yake alikuja shuleni na harage lenyewe limefungwa kwenye karatasi, akaliweka mezani kwa mwalimu mkuu, mama ambaye sote tulimwita diretrisi. Kuanzia siku ile diretrisi alipiga marufuku kitu chochote kidogo kuliko ngumi ya mtoto. Maharagwe, visoda, kokoto, vyote vikatupwa nje. Nikabaki na watoto wenyewe.

Basi nikasema, kama watoto ndio nilio nao, tutahesabu watoto. Kila asubuhi walijipanga ukutani, mmoja anapita mbele ya mstari akigusa kichwa kimoja kimoja, wenzake wanaitikia kwa sauti, moja, mbili, tatu, na mwisho anagusa kichwa chake mwenyewe: ishirini na saba. Kesho yake zamu ya mwingine. Wazazi waliokuja kuchungulia dirishani walipiga makofi. Diretrisi naye alipenda, akaifanya njia hiyo kuwa mtihani wa mwisho wa mwaka. Mtoto anayehesabu wenzake bila kosa anaandikiwa kwenye bulete yake, ripoti ya shule, kwamba anajua kuhesabu, na mwaka unaofuata anaingia primeri, darasa la kwanza. Asiyeweza anarudia. Mtihani usio na karatasi, usio na kitu cha kuingia puani. Nilitembea kifua mbele.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na mtoto mmoja wa kike ambaye hakuhesabu.

Alilelewa na bibi yake, mzee aliyevuka mpaka zamani kutoka upande wa Uvira na sasa aliuza nyanya sokoni. Mama wa mtoto alikuwa mchuuzi wa vitenge, mtu wa mpakani, wiki huku, wiki kule. Mtoto mwenyewe alikuwa mkimya, lakini si kwa woga. Akiulizwa jambo alijibu huku anakutazama machoni, mpaka unajisikia wewe ndiye unayeulizwa.

Na herufi alizijua kuliko wote. Kila mtoto darasani alikuwa na kadi ya katoni iliyoandikwa jina lake. Asubuhi anaitafuta kwenye kikapu, anaitundika kwenye msumari ukutani, na wakati wa kwenda nyumbani anairudisha. Wengi walizitambua kadi zao kwa madoa ya uji. Huyu alisoma za wote, na mtoto akikwama kwenye kikapu, yeye ndiye aliyemchomolea kadi yake. Kwangu kadi zile zilikuwa za kusoma tu. Kusoma kulikuwa na mahali pake na kuhesabu mahali pake, na sikupenda kuvichanganya.

Zamu yake ya kuhesabu ilipofika, alipita mbele ya mstari mikono iko nyuma. Hakugusa kichwa cha mtu. Alimtazama kila mmoja usoni, polepole, akafika mwisho, akarudi mahali pake.

"Wako wangapi?" nikamuuliza.

"Wako," akasema.

"Wangapi?"

"Wako bote, madamu."

Darasa likacheka, nami nikacheka nalo, sikatai. Nikamshika mkono, nikauweka juu ya kichwa cha mtoto wa kwanza, nikasema moja. Akanyamaza. Nikauhamishia kwa wa pili. Akauchomoa mkono wake kwa nguvu ambayo sikuitarajia, akauficha chini ya aproni yake ya shule. Miezi ile nilimrudia mara nyingi, kwa upole, kwa ukali, hata kwa pipi. Siku moja tu alikubali kujaribu. Alipita akinyoosha kidole hewani, bila kumgusa mtu, akisema: "Huyu. Na huyu. Na huyu." Akafika mwisho wa mstari bado yuko kwenye huyu. Niliandika kwenye daftari langu kwa kalamu nyekundu: hajui kuhesabu.

Wiki tatu kabla ya mtihani nilimwita bibi yake. Alikuja na beseni lake la nyanya kichwani, akalitua mlangoni, akakaa kwenye kiti cha mtoto kwa sababu vingine hatukuwa navyo. Nilimwambia wazi kwamba mjukuu wake hataingia primeri.

"Hajuwe kuhesabu?" akauliza. "Mutoto huyu? Ku nyumba anahesabu, madamu."

"Hapa hahesabu."

"Anahesabu nini hapa?"

"Wenzake. Watoto wa darasa."

Bibi aliniangalia. Halafu akajiziba mdomo kwa kiganja, akageuza uso upande wa dirisha. "Watoto," akasema. "Aya. Mi sina neno."

Nilidhani ni mtu asiyejua shule ni nini. Alipokuwa anajitwika beseni lake aliniambia jambo moja zaidi. "Mi nimezeeka, madamu. Kama haingie primeri mwaka huu, atakwenda Ruziba kwa shangazi yake, kumubebea mutoto. Akifika kule, mi sitakuwa na nguvu ya kumufata tena." Hakusema kwa kutisha wala kwa kuomba. Nilimjibu kwamba mtihani ni mtihani. Siku hizo nilikuwa naipenda sana sentensi hiyo.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Tuliwapeleka watoto Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu, kwenye bustani ya mzee mmoja anayeotesha miche ya miti. Tulikodi basi dogo, tukaenda mimi na mama wa jikoni wa shule yetu. Tulikuta shule nyingine imetutangulia, watoto wao wamevaa aproni za bluu za miraba kama zetu. Bluu yao ilikuwa imepauka kidogo, tofauti ni hiyo tu. Mwenye bustani alikuwa mkarimu. Jua lilipokuwa kali alichukua mifuko mitupu ya simenti, akawakunjia watoto wote, wetu na wao, kofia za karatasi, kubwa, za kushuka mpaka masikioni. Watoto walifurahia kofia kuliko miti. Walikimbizana kati ya miche hadi sikujua tena yupi ni yupi, na sikujali, kwa sababu nilikuwa na njia yangu.

Saa sita mchana tukapanda basi. Nilipita katikati ya viti nikigusa kofia moja moja. Ishirini na saba. Nikarudia kutoka nyuma kuja mbele, kwa kuwa mimi ni mtu mwangalifu. Ishirini na saba. Nikamwambia dereva twende.

Yule mtoto alikuwa amesimama juu ya kiti, amegeukia nyuma. "Madamu," akasema, "mumoja hayuko."

"Kaa chini."

"Hayuko, madamu. Ule wa..."

"Nimehesabu mara mbili," nikamkata. "Ishirini na saba. Wewe usiyejua hata moja na mbili, leo ndiye wa kunifundisha mimi?"

Watoto wakacheka. Mama wa jikoni akacheka, na dereva pia. Mtoto akakaa. Njia nzima alibandika uso kwenye kioo, anatazama tulikotoka, nami nikasema moyoni kwamba amenuna, na akitaka kununa anune.

Wazazi walikuwa wanatusubiri getini. Kila mmoja alimchukua wake, kofia zikavuliwa, wengine wakazivaa wazazi wenyewe kwa mzaha. Basi likapungua mpaka likabaki tupu, isipokuwa kiti cha nyuma kabisa, ambako mtoto mmoja alikuwa amelala fofofo, kofia imemfunika uso. Nikaenda kumwamsha. Nikainua kofia.

Sikumjua.

Nilifumba macho, nikafumbua tena, kana kwamba kosa liko kwenye macho. Mtoto alikuwa yuleyule. Aproni yake ilikuwa ya bluu iliyopauka. Aliniona, akaona kwamba mimi si mwalimu wake, akaanza kulia. Nilisimama pale nimeshika kofia ya karatasi. Kisha nikasikia sauti ya mwanamume mlangoni mwa basi.

"Madamu, na wangu?"

Alikuwa fundi wa magari, Mwislamu, mtu ambaye babu zake walizaliwa mjini humu. Grisi ilikuwa imemfika kwenye viwiko, maana alitoka gereji mara moja tu kumchukua mtoto wake. Alikuwa bado anatabasamu. Sijawahi kuona tabasamu likitoka usoni mwa mtu polepole namna ile, na sitaki kuliona tena.

Nilichokisema, Mungu anisamehe, kilikuwa: "Nilihesabu."

"Ulihesabu nini?" akauliza.

Ndipo nilipohisi kitenge changu kinavutwa. Mjukuu wa muuza nyanya alikuwa bado hajaondoka, bibi yake amemshika mkono. "Yuko ku miti midogo," akaniambia. "Alirudi kuchukua kofia yake. Iliangukia nyuma ya pipa ya maji. Nilikuwa nasema."

Nilikuwa nimeliona pipa lile. Lilikuwa limefukiwa nusu ardhini, limejaa hadi juu, halina mfuniko.

Fundi hakupiga kelele. "Ya Rabi," akasema mara moja, akawasha pikipiki yake, akaniambia panda. Yule mtoto wa watu tukamweka katikati yetu, analia mgongoni mwa fundi. Nilijaribu kusali njiani. Kila nilipoanza sala, kilichokuja kinywani kilikuwa namba, ishirini na sita, ishirini na saba, kwa ule wimbo wetu wa asubuhi. Nilitamani kujipiga kofi. Huko nyuma diretrisi alikuwa anapiga simu, sijui kwa nani, na sikuwa na hamu ya kujua.

Kwenye mlango wa bustani mwalimu wa ile shule nyingine alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, msichana mdogo tu, mwaka wake wa kwanza kazini pengine, kiatu kimoja kimemtoka. Alipomwona mtoto wake kati yetu aliinuka akamchomoa kwenye pikipiki kabla haijasimama vizuri. Hakunitukana. Alilia tu, kisha akanieleza huku anapenga kamasi kwa aproni ya mtoto. "Niliita majina, madamu. Mumoja hakuitika. Na ule wenu alikuwa amesimama peke yake, nikamuuliza jina, nikaona si wangu."

Aliita majina. Msichana wa juzi, asiye na njia yoyote ya kuringia.

Mtoto wa fundi alikuwa kivulini na mwenye bustani, kofia kichwani, anajaza udongo kwenye vifuko vya miche. Alikuwa mchafu hadi kwenye nyusi. Alimwona baba yake, akamuuliza, "Papa, tunaenda?" kama vile walikuwa wamekubaliana wakutane pale. Fundi akachuchumaa, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akautazama. Aliutazama muda mrefu. Akapaka grisi mashavu yote mawili na hakuona. Aliposimama alinigeukia, nami nilikuwa tayari kwa lolote, hata kofi.

"Kila mutoto iko na sura yake, madamu," akasema. Akampandisha mtoto kwenye pikipiki, akanisubiri nami nipande.

Nilingoja kufukuzwa kazi. Kesho yake wazazi walikuja wakafoka, na walikuwa na haki. Diretrisi alifoka kuliko wao, kisha akasema nimalize mwaka, halafu tutaona. Lakini kilichonisumbua hakikuwa hicho. Mtoto niliyemwandika kwa kalamu nyekundu kwamba hajui kuhesabu ndiye peke yake katika basi lile aliyejua kwamba tumepungukiwa. Nilikigeuza kitu hicho kichwani siku mbili na hakikukaa sawa upande wowote.

Jumamosi asubuhi nikaenda sokoni. Nilimkuta bibi nyuma ya turubai lake, na mjukuu amechuchumaa mbele yake, anapanga mafungu ya nyanya, nne chini na moja juu, mikono inakwenda bila macho kuitazama. Alikuja mama mmoja mwenye sherehe nyumbani kwake, akataka nyanya arobaini. Nilidhani bibi ndiye atakayehesabu. Mtoto akasogeza fungu moja kwa kiganja, akasema tano. La pili, kumi. La tatu, kumi na tano. Hakugusa nyanya moja moja. Alifika arobaini kabla yule mama hajafungua kikapu, akaona moja imepondeka, akaiondoa, akaweka nzima mahali pake. "Arobaini," akasema.

Darasani kwangu hatukuwa tumevuka thelathini, na kuruka kwa tano sikuwa nimefundisha mtu.

"Unajua kuhesabu," nikamwambia. Ilitoka kama namshitaki.

"Ndiyo, madamu."

"Sasa kwa nini shuleni huhesabu?"

Alinitazama kwa yale macho yake, akanionea huruma, naapa. "Watoto si nyanya," akasema.

Bibi akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae. "Mi ndiye nilimukataza," akasema. "Kwetu mutu hahesabiwi, madamu. Ni maneno ya wazee, hata mi nilikuwa nayacheka. Halafu ile siku tulikimbia. Tulipanda juu ya kamiyo ya mizigo, mavumbi, watu wanasukumana, na mi nikahesabu vichwa ya watoto yangu. Sita. Nikamwambia shofere, twende, bote wako. Tulifika mbali ndiyo naangalia vizuri, mumoja ni wa jirani. Wangu alibaki."

Yeye alikuwa anafuta nyanya kwa kitambaa, moja baada ya nyingine.

"Tulimupata kiisha wiki tatu, kwa masista," akaendelea. "Ni mama ya huyu. Tangu siku ile mi sihesabu mutu. Natazama sura. Na huyu nimemufundisha vile."

"Kwa nini hukuniambia ulipokuja shuleni?"

"Mwalimu ni wewe," akasema bibi, na hakukuwa na dharau ndani yake. Ingekuwapo, ningepumua.

Pale kwenye ndoo nilimkumbuka mama yangu mzazi. Akiulizwa ana watoto wangapi alijibu, ni wa Mungu, na mazungumzo yakaishia hapo. Siku moja, nikiwa mdogo na nimeanza shule, nilimrukia mgeni kwa furaha nikamwambia tuko wanane. Mama alinifinya mkono juu ya kiwiko hadi alama ikabaki. Nilikuwa najua, kumbe. Nilijua kabla sijajua kusoma. Kisha nikapata diploma, nikasahau, nikaenda kuwagusa watoto wa watu vichwani kila asubuhi kwa wimbo, na mtoto aliyekataa nikamkamata mkono kwa nguvu.

Jumatatu niliingia kwa diretrisi nikamwomba mtoto yule apewe kitu kingine cha kuhesabu. Alikataa. Mtihani mmoja kwa watoto wote, alisema, na aliniuliza kama mimi, baada ya yaliyotokea, ndiye wa kuja kumpangia mambo. Nilijibu vibaya. Naye akajibu vibaya zaidi. Niliporudi darasani nilisikia sentensi yangu mwenyewe, mtihani ni mtihani, na kwa mara ya kwanza nikaisikia inavyosikika kwa mtu mwingine.

Siku ya mtihani watoto walijipanga ukutani. Diretrisi alikaa na daftari lake la mahudhurio, ambalo alikuwa ameshalitia alama asubuhi akiwa ofisini kwake. Bibi alikuwa nje ya dirisha na beseni kichwani. Waliitwa mmoja mmoja, wakagusa vichwa, wakahesabu, na mimi nilitazama chini kila mkono ulipoinuka. Kelele za kuitikia zilikuwa nyingi, na diretrisi aliandika zaidi kuliko alivyosikiliza. Ikafika zamu ya yule mtoto.

"Hesabu wenzako," akasema diretrisi.

Mtoto akaweka mikono nyuma. Akapita mbele ya mstari, akatazama nyuso, akafika mwisho. Diretrisi akainua kalamu. Niliijua rangi ya kalamu ile.

"Hesabu kadi," nikasema mimi.

Diretrisi alinigeukia, lakini mtoto alikuwa ameshafika kwenye misumari. Alizigusa kadi moja moja, bila haraka, anahesabu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani kwangu, na alipomaliza akasema, "Ishirini na sita."

"Ishirini na saba," diretrisi akamsahihisha, akigonga daftari lake. "Kosa."

Mtoto hakubishana. Alikwenda kwenye kikapu, akatoa kadi iliyobaki chini, akasoma kwa sauti jina lililoandikwa juu yake. "Huyu iko mugonjwa," akasema. "Hakukuja leo." Kisha akairudisha kikapuni polepole, isipinde.

Diretrisi aliinuka. Alihesabu mstari kwa ncha ya kalamu, akarudia, midomo inacheza. Watoto kumi na wanane walikuwa wamepita mbele yake asubuhi ile, wote wameimba hadi ishirini na saba kwa wimbo waliouzoea, na wote aliwaandikia kwamba wanajua. Hakuna aliyeona kwamba kichwa kimoja hakipo. Mimi pia sikuona. Diretrisi alikaa, akalitazama daftari lake, kisha akaandika kwenye bulete ya mtoto yule bila kuniangalia. Nje ya dirisha bibi alitua beseni lake chini na kukaa juu ya jiwe.

Mtoto aliingia primeri. Ningependa kuishia hapa, kwa sababu hapa ninaonekana mtu mwema.

Wiki ile ile, watoto walipokwisha kwenda nyumbani, nilitoa kabatini madaftari yangu ya miaka kumi na mmoja. Nilitafuta kalamu nyekundu. Hawakuwa wengi, mmoja mwaka huu, wawili mwaka ule, na kila mahali maneno yaleyale kwa mwandiko wangu mzuri. Nilipoyasoma majina, watoto walinirudia. Mmoja alikuwa anafumba macho zamu yake ikifika. Mwingine alihesabu vizuri sana mpaka akafika kwa mdogo wake, akanyamaza, na sikuweza kumtoa pale kwa fimbo wala kwa pipi. Sikumuuliza hata mmoja kwa nini. Nilikaa na madaftari magotini, nimeshtuka kuliko siku ya basi, maana siku ya basi angalau tulirudi kumchukua mtoto.

Mmoja wao nilijua anakaa mtaa wa tatu kutoka shuleni. Alirudia mwaka kwangu, kisha hakuonekana tena, na sikufuatilia. Nilimkuta nje ya nyumba, sasa ana kama miaka kumi, amembeba mgongoni mtoto mchanga wa shangazi yake, anaanua nguo kwenye kamba.

"Unanikumbuka?" nikamuuliza.

"Ndiyo, madamu."

"Unaenda shule?"

"Apana."

Sijui kwa nini nilimuuliza lililofuata. "Kuhesabu unajua?"

Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akakaza kitenge. "We ulisemaka sijuwe," akanijibu, bila hasira, kama mtu anayekuelekeza njia.

Nikamwomba anipeleke kwa shangazi yake, nikaseme naye habari ya shule. Akaelekeza kwa kidevu, akatangulia, nami nikamfuata.